Digrii Thelathini na Saba

Injini ilikuwa imeunguruma dakika hamsini, kompresa inavuta sawasawa, moshi umeshakuwa wa kawaida, na bado mshale wa geji ya joto ulikuwa umelala chini. Kamaludin aligonga kioo cha geji kwa ukucha. Mshale ukatikisika kidogo, ukarudi pale pale.

"Yaenda vizuri?" aliuliza Bwana Bakr, mwenye kiwanda, akiwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Mashua tatu za Matondoni zilikuwa zikingoja barafu tangu Ijumaa, na wenyewe walikuwa wakimpigia kila saa.

"Yaenda," alijibu Kamaludin. "Lakini haipati moto."

"Hilo si jema? Juzi tatizo lilikuwa kuchemka."

Kamaludin aliinamia injini tena. Kiwanda kile cha barafu kiko Wiyoni, Lamu, na injini yake ni dizeli ya zamani ya silinda nne, ambayo wiki mbili nyuma ilichemka mpaka gasketi ya hedi ikaungua. Kamaludin ndiye aliyeifungua, akaipeleka hedi, kile kifuniko cha silinda, Mombasa ikasawazishwe, akarudi nayo, akatia gasketi mpya na kukaza bolti moja moja kwa mpango wake. Kila fundi ajua kwamba baada ya kazi kama hiyo, saa za mwanzo ni za kuangalia joto. Linapanda taratibu hadi themanini, themanini na tano, linakaa hapo. Likipita, kazi imeharibika. Maji yakipungua, kazi imeharibika. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, kazi imeharibika. Lakini injini inayofanya kazi ngumu saa nzima ikakataa kupata moto, hiyo hakuwahi kuiona kwa miaka ishirini na miwili.

Alilishika bomba la juu la rejeta. Lilikuwa vuguvugu, laini, kama mkono wa mtu.

Jumatatu ile nzima aliitafuta sababu. Alibadilisha thamostati. Alikichomoa kipima joto cha injini, akakitumbukiza katika birika la maji yanayochemka, na mshale ukapanda hadi mia moja bila shida. Alipokirudisha, ukashuka. Mwisho alitoa kipimajoto chake cha kumulika, kisomacho joto bila kugusa, akakielekeza kwenye hedi, kwenye mabomba, kwenye rejeta. Kila alipomulika, namba ilikuwa moja: thelathini na saba.

Alipokwenda nyumbani Langoni kula, alimsimulia mkewe, Mahfudha, ambaye ni muuguzi wa zahanati. Mahfudha alikuwa akipakua wali. Upawa ukasimama hewani.

"Thelathini na saba kamili?"

"Kamili. Haizidi wala haipungui."

"Hilo ni joto la mtu, Kamaludin."

Kamaludin alicheka. Mahfudha hakucheka.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mkewe wala mtu mwingine. Jumapili, alipomaliza kukaza bolti ya mwisho, mifereji ya Wiyoni ilikuwa mikavu kwa siku ya tatu, na chini ya tangi la kiwanda kulibaki tope tu. Injini ilitaka lita ishirini na mbili. Nyuma ya kiwanda kuna gofu la nyumba ya mawe, na ndani ya gofu kuna kisima kilichofunikwa kwa bamba la jiwe lenye maandishi ya Kiarabu yaliyolika. Mamake alimwambia tangu yu mtoto kwamba kisima kile hakitekwi. Hakumwambia sababu, naye hakuuliza. Jumapili ile alitia mtaimbo chini ya bamba, akalisogeza shubiri mbili, akateremsha kopo kwa kamba. Maji yalitoka safi, hayana chumvi, na yana baridi hata kopo likatoka jasho. Aliyachanganya na dawa ya rejeta, akayamimina injinini, akalivuta bamba karibu na mahali pake, akaenda zake.

Jumanne alikuwa na kazi nyingine mjini, kwa hiyo alimwachia Tima kazi ya kuangalia. Tima alikuwa mhudumu wa kiwanda, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwenyeji wa Siyu, aliyekuja Lamu baada ya kuachana na mumewe na kupanga chumba kwa Bi Esha, nyumba inayopakana na lile gofu. Hakuwa mwenye maneno mengi, lakini ukimpa kazi haisahau. Kamaludin alimpa daftari.

"Kila robo saa, Bi Tima, andika joto, andika maji yalivyo, andika oili. Ukiona kitu si cha kawaida, andika na hicho."

"Nitaandika," alisema Tima.

Kamaludin alirudi wakati wa alasiri. Chumba cha injini kilikuwa kidogo, kina dirisha moja, na mwenyewe Bwana Bakr hakuweza kukaa humo dakika mbili bila kulowa jasho. Tima alikuwa amekaa juu ya ndoo karibu na injini, amejifunga leso mbili na gunia juu yake, na meno yake yalikuwa yakigongana. Kamaludin alichukua daftari lililokuwa mapajani mwake. Mistari ya asubuhi ilikuwa kama alivyotaka. Saa tatu: 37, maji sawa, oili sawa. Saa tatu na robo: 37, sawa, sawa. Akashuka na kidole hadi chini ya ukurasa.

Saa sita: 37. Nasikia baridi.

Saa sita na robo: 37. Baridi.

Saa sita u nusu: 37. Kuna mtu aniuliza jina langu.

Saa saba kasorobo: 37. Nimemwambia.

Baada ya hapo palikuwa na namba tu, thelathini na saba, thelathini na saba, mpaka mwisho wa ukurasa.

"Bi Tima, nani aliyekuja hapa adhuhuri?"

"Hakuya mtu."

"Umeandika kuna aliyekuuliza jina."

Tima alipitisha kidole juu ya mstari ule. "Mwandiko ni wangu," alisema kwa sauti ya chini, kama anayekiri jambo asilolikumbuka.

Hapo ndipo Kamaludin aliposikia harufu. Nyuma ya dizeli na oili palikuwa na harufu ya jiwe bichi na ya nywele zilizolowa zikafungwa kabla ya kukauka. Akainama karibu na injini, na chini ya ule mngurumo aliouzoea akasikia kitu kingine kikienda polepole mno kuwa ni cha pistoni, kikivuta, kikishusha, kikivuta tena. Alinyoosha mkono akaizima.

Tima alisimama, akapiga hatua tatu kuelekea mlangoni, akaanguka.

Walimbeba hadi kwa Bi Esha. Bwana Bakr alisema ni joto la kile chumba, majirani wakasema ni joto, na Kamaludin naye akasema ni joto, ingawa mkono wa Tima alioushika ulikuwa kama wa samaki aliyetolewa katika barafu. Alijua alichokifanya Jumapili. Alijua pia kwamba fundi akishasemwa ametia jini katika injini ya watu, Lamu nzima hapana atakayempa hata pampu ya kufungua. Akaenda nyumbani.

Jumatano hakwenda Wiyoni. Alimpigia Bwana Bakr simu, akaambiwa injini ni nzuri ajabu, inakula mafuta kidogo kuliko zamani, na Tima ameamka mzima, yuko kazini. Kamaludin alishukuru Mungu, na hakuuliza zaidi, kwa kuwa aliogopa kujibiwa.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Bi Esha mwenyewe alikuja Langoni kwenye karakana yake. Ni mwanamke wa makamo, mnene, na hapendi kutembea juani. Alisimama mlangoni mpaka pumzi zikamrudia.

"Fundi, mashini yenu ile ina nini?"

"Kwani kuna nini, Bi Esha?"

"Tima haamki mpaka iwake." Aliyasema taratibu, akimwangalia usoni. "Yuzi usiku nimemsemesha, nimemmwagia mai. Mato yako wazi, hayaoni. Pumzi yatoka moya, wangoja, wangoja, hata wasema imekatika, ndipo yatoka nyingine. Alfajiri Bakr akawasha mashini, na yeye akainuka, akajifunga ushungi, akenda kazini, kama mtu aliyeitwa. Usiku wa yana vivyo. Alfajiri ya leo vivyo. Sasa wewe nambie."

Kamaludin alichukua mkoba wake wa spana, wakafuatana.

Tima alikuwa pale pale juu ya ndoo. Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya kijivu, na daftari lilikuwa limefunguka mapajani, kurasa zimejaa namba ile moja. Hakugeuka walipoingia. Kamaludin, ambaye hata wakati ule alikuwa bado akitaka iwe ni jambo la kawaida lenye sababu ya kawaida, aliushika mkono wa chuma wa kuzimia injini, akauvuta. Injini ilipokaa kimya Tima alidondoka kutoka juu ya ndoo kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, macho wazi, na kifua chake kikasimama. Bi Esha alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye pua yake.

"Washa," alisema kwa kunong'ona. "Fundi, washa. Washa."

Akawasha. Tima akavuta pumzi, akainuka, akakaa juu ya ndoo, akachukua kalamu.

Kamaludin alijishika ukutani kwa mkono uliojaa oili, akamweleza Bi Esha habari ya maji, ya kisima na ya bamba. Alieleza yote bila kuinua macho. Bi Esha alimsikiliza mpaka mwisho. "Na siku zote hizi wayuwa," alisema, kisha akatoka kwenda kumwita Mwalimu Obeid.

Mwalimu Obeid alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Langoni, kijana bado, mwembamba, mwenye miwani. Babake ndiye aliyekuwa akisomea watu wenye mashetani. Yeye alirithi vitabu, na mara tatu tu katika maisha yake alikuwa amevitumia. Alikuja na Bi Esha na Mahfudha, ambaye alipigiwa simu na mumewe akaja na mkoba wa zahanati. Bwana Bakr naye alikuwako, naye akaelezwa yote.

Mwalimu Obeid alikaa chini mbele ya Tima, akasoma Ayatul Kursi, akarudia, kisha akauliza kwa adabu, "Wewe uliyeingia kwa huyu dada, ni nani?"

Tima alijibu kwa sauti yake mwenyewe, ila ilikuja polepole, na kila neno lilikwenda pamoja na kile kivutacho pumzi ndani ya injini. "Sikuingia. Nilimiminwa."

"Rudi ulikotoka."

"Kuna baridi. Miaka yote ile nilikuwa baridini. Mmenitia penye moto, na huyu amenipa jina lake."

"Huyu hana kosa."

"Sikusema ana kosa. Nasema ni wangu."

Mwalimu aliendelea kusoma. Alisoma nusu saa, jasho likimtiririka, na Tima hakupepesa macho. Mwisho alimgeukia Kamaludin. "Kisomo kinalibana hili jini," alinong'ona, "lakini limepata pa kujificha. Pale ndani limestarehe. Siwezi kulitoa mahali palipolipendeza."

Kamaludin aliitazama injini. Alikuwa ameishi miaka ishirini na miwili kwa kuzuia injini za watu zisichemke. Alitoa kisu mkobani.

"Bwana Bakr," alisema, "naikata mikanda. Nalifunika rejeta, naipa mafuta yote, ichemke hata pasikalike humo."

"Utaiua injini yangu."

"Nitaiua."

Bwana Bakr alimwangalia Tima, mwenye midomo ya kijivu, aliyekuwa akiandika namba bila kuangalia karatasi. Akasogea, akampisha.

Kamaludin alikata mkanda wa feni na wa pampu ya maji. Mmoja ulipokatika ulimchapa kidole hata kikatoka damu. Alitwika magunia juu ya rejeta. Kisha akasukuma wenzo wa mafuta mpaka mwisho, na injini ikapaza sauti hata vumbi likaanguka kutoka kwenye boriti. Mahfudha alikuwa amekwishamwekea Tima kipimajoto. "Thelathini na tatu," alisema kwenye sikio la mumewe. Kamaludin alimulika hedi. Thelathini na saba.

Dakika kumi zilipita na namba ya injini haikusogea, maana kile kilichokuwamo kilikuwa kikilinywa joto lote kadiri lilivyokuja, na Mwalimu Obeid alikuwa akisoma kwa sauti kubwa sasa ili ashinde ule mngurumo, na harufu ya nywele mbichi ilikuwa imejaa chumbani hata Bi Esha akafunga pua kwa buibui, na Tima alikuwa ameacha kuandika. Halafu Mahfudha akasema, "Thelathini na sita." Kisha, "Thelathini na saba." Kamaludin akamulika: thelathini na nane. "Na yeye thelathini na nane," alisema Mahfudha. Wakatazamana, kwa kuwa wote wawili walielewa kwa pamoja kwamba kile kitu kilikuwa kimeshiba, na joto kililoshindwa kulinywa kilikuwa kikimtapikia Tima.

Thelathini na tisa, na thelathini na tisa. Arobaini, na arobaini. Uso wa Tima uligeuka mwekundu, shingo ikakakamaa, na kinywani mwake ikatoka sauti nyembamba iliyokuwa ikisema, "Nizimieni, nizimieni," na hapana aliyeweza kujua ni nani katika wale wawili aliyekuwa akiomba. Arobaini na moja, na arobaini na moja.

"Zima," alisema Mahfudha. "Kamaludin, ubongo wa mtu hauvumilii hivi. Zima."

Mkono wa Kamaludin ulikuwa umeshaushika ule mkono wa kuzimia injini. Akizima, Tima angelala bila pumzi, na safari hii huenda asiamke. Akiacha, angeungua mbele yao. Alimtazama mkewe, akamtazama Mwalimu, aliyekuwa amefumba macho akisoma, asimpe ishara yoyote. Akauondoa mkono, akaurudisha kwenye wenzo wa mafuta, akakandamiza.

"Arobaini na moja na nusu," alisema Mahfudha, na sasa alikuwa akilia. "Arobaini na moja na nusu. Bado." Akakitazama tena kipimajoto. "Arobaini na moja."

Kamaludin alimulika hedi. Arobaini na sita.

"Arobaini," alisema Mahfudha. Injini ilikuwa hamsini na tano. "Thelathini na tisa." Injini sabini. Tima alianguka ubavu mikononi mwa Bi Esha, akitweta, jasho limemtota, na namba ya injini ilikuwa ikikimbia sasa, themanini, tisini na tano, mia na tano, mabomba yamevimba, na ndani yake kukawa na kugongagonga kama mtu aliyefungiwa akitafuta mlango. Kamaludin alipiga kelele watoke. Walikuwa wamemfikisha Tima kizingitini gasketi ilipopasuka. Mvuke ulifyatuka ubavuni mwa injini, ukamwunguza Kamaludin mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ukatoka kwa dirisha na sauti ambayo Mahfudha mpaka leo hataki kuieleza. Pistoni zikakwama. Injini ikatikisika mara moja, ikanyamaza.

Walingoja. Tima alikuwa amelala kwenye mchanga wa nje, kivulini, na kifua chake kilipanda na kushuka. Baada ya muda alifungua macho, akaomba maji.

Injini ile haikufaa tena hata kwa chuma chakavu. Bwana Bakr na Kamaludin, kwa mkono wake mzima, walilisogeza lile bamba, likakaa sawasawa juu ya kisima, na Mwalimu Obeid akasoma juu yake siku saba. Tima hakurudi kiwandani. Aliondoka na chombo cha kwanza kwenda kwao Siyu, kabla Kamaludin, aliyekuwa amelazwa kwa sababu ya mkono, hajapata kusema naye.

Mwezi na siku nne baadaye, mkono wake ukiwa umeanza kuota ngozi mpya, Kamaludin alikwenda Siyu. Hakumwambia mtu anakwenda kufanya nini. Alimkuta Tima barazani kwa mamake, akisuka ukili wa mkeka. Alikuwa amerudi rangi yake. Alimkaribisha, akamwonyesha pa kukaa, akaendelea kusuka.

Kamaludin alimweleza yote: maji yalikotoka, mamake alivyomkataza, siku aliyoliona daftari akanyamaza, siku ya pili yake aliyopiga simu badala ya kwenda. Alimweleza pia jinsi mkewe alivyomwambia azime, naye hakuzima, na kwamba alikuwa hajui kama yeye Tima angepona. Vidole vya Tima vilikwenda na kurudi katika miyaa bila kukosea.

"Nimekuja kukuomba radhi, Bi Tima," alisema mwisho.

"Lile la kisimani lenyewe limesema limekusamehe," alisema Tima.

Kamaludin aliupapasa mkono wake wenye ngozi mpya.

"Mimi bado," alisema Tima.

Akakubali kwa kichwa. Hakuwa ametarajia zaidi ya hayo, na kwa namna fulani alipata nafuu kuyasikia. Alikuwa akitafuta viatu vyake kwa mguu alipotambua alichoambiwa mwanzo.

"Lilikwambia lini hayo? Kule kiwandani?"

"Hapana. Yana," alisema Tima, akaukata ukili kwa meno. "Yana adhuhuri, siku moja kabla hujaya. Lilikaa hapo ulipokaa."